Chale na Mashuka ya Wodi ya Tatu

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana, na baada ya salamu nauliza: kifua kimepoa? Barua yako ya mwisho ilikuja na kikohozi ndani yake, na tangu siku hiyo nakutaja katika sala kila alfajiri kabla sijamtaja mtu mwingine. Kunywa vitu vya moto. Usijifanye kijana, umeshapita arobaini.

Sisi tuko salama kwa rehema za Mungu. Mama miguu inamsumbua, na macho yamebaki kutofautisha mwanga na giza tu. Redio ndiyo macho yake siku hizi. Nilimwambia nitakupigia simu, akakataa katakata. Anasema simu haisomwi mara mbili. Kwa hiyo naandika, namsomea kabla ya kufunga bahasha, na ya kwako ikija namsomea mpaka karatasi inalegea.

Kazini mambo ni yale yale. Mashine ya kufulia ya hospitali ilikufa mwezi wa kumi. Fundi alikuja, akaigongagonga, akatuambia tuiombee. Tangu hapo mimi na mwenzangu Mama Pacha, yule mwenye kicheko cha kupasua vyombo, tunafua mashuka ya wodi tatu kwa mikono. Na kwa mvua hizi hayakauki.

Sasa sikia kituko, ila kiishie kwako. Wiki iliyopita wakaguzi walikuja bila taarifa. Mashuka makavu yalikuwa kumi na mawili, na kila wodi ina vitanda kumi na viwili. Muuguzi mkuu akatuita pembeni. "Yatandikeni wodi ya kwanza. Wageni wakitoka hapo, katibu atawapitisha kuangalia maua. Nyinyi mvue, mpite mlango wa jikoni, mtandike ya pili. Halafu ya tatu." Mdogo wangu, tulikimbia! Mama Pacha na kilo zake zote, mashuka begani, mimi nyuma yake, kama watu waliobeba moto mikononi. Wodi ya tatu, bibi mmoja aliyevunjika nyonga akauliza kwa sauti, "Mbona shuka lina joto? Nani katoka kulilalia?" Mkaguzi hakusikia. Aliandika kwenye daftari lake, mimi nikiwa nyuma ya mlango natweta: mashuka ni safi, na yanafanana wodi zote.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Halafu tukatakiwa kuyavua tena, yanahitajika chumba cha upasuaji. Yule bibi alilishika lake kwa mikono miwili. Hakulilia baridi. Alisema, "Kumbe mlinifunika kwa ajili ya wageni." Nikamvua shuka hivyo hivyo. Maneno hayo sijayatoa moyoni mpaka leo. Nimeona nikuambie wewe, maana nikimwambia mwingine nitaonekana nalalamikia kazi.

Mama anakusalimu. Andika.

Dada yako


6 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama mpelekee. Kifua kimepona. Nisamehe kwa kuchelewa, ofisini hatupumui. Mheshimiwa Rais anazunguka mikoa yote na kila uwanja unataka hotuba yake. Mimi sasa ndiye ninayeketi naye mwisho kabla hajapanda jukwaani. Wenzangu wana shahada mbilimbili, wanamwandikia takwimu. Mimi namwandikia watu wanachocheka. Juzi aliniambia mbele yao, "Bila wewe mimi ni kitabu cha hesabu."

Barua yako nimeisoma mara nne. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akafungua mlango kuangalia kuna nini. Dada, una kipaji, hujui tu. Niandikie mengine ya namna hiyo, ya hospitalini, ya sokoni, yoyote. Usichague.

Mungu awalinde.

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Mama anaendelea, ila hajaomba nimsomee barua yako ya mwisho tangu Jumanne, na nitakueleza kwa nini.

Jumanne tulikuwa kwenye karo la kufulia, redio ndogo ya kazini iko dirishani. Mheshimiwa anahutubia, uwanja umejaa. Akasema, "Nimeambiwa kuna hospitali mashuka yake yana mbio kuliko wanariadha wetu!" Mama Pacha akaanza kucheka pale pale, unajua yeye hahitaji sababu. Mheshimiwa akaendelea. Eti wafuaji wanakimbia nayo kama watu waliobeba moto mikononi. Eti mkaguzi kaandika yanafanana wodi zote. "Sasa mimi sipendi kuona mama mnene anatoka jasho. Nitawapelekea pikipiki, mashuka yawahi wagonjwa!" Uwanja ukapasuka kwa vicheko.

Mama Pacha alinyamaza na beseni mkononi. Akaniangalia. "Si sisi hao?" Nikasema sijui.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa ameketi wima, redio ameizima. Akasema, "Hiyo ya moto mikononi ulinisomea wewe, kabla hujafunga bahasha." Nikasema watu wengi husema hivyo. Akasema, "Mimi sioni, lakini nasikia vizuri." Akaniomba nimpeleke akalale, na jua bado liko juu.

Kesho yake katibu wa hospitali alituita wote. Nani katoa siri za ofisi? Nani kaitia aibu hospitali mbele ya taifa? Kila mtu aliangalia viatu vyake. Wakamchagua Mama Pacha, kwa kuwa anaongea sana getini, na kwa kuwa mama mnene ni yeye. Amesimamishwa kazi mpaka kikao kitakapokaa. Alivua aproni, akaikunja vizuri kama shuka la chumba cha upasuaji, akaniachia mimi. Mimi nilikuwa nasuuza. Niliendelea kusuuza.

Nakuuliza jambo moja tu, na jibu lake ni fupi. Ni wewe? Andika hapana, nitaamini, nitakwenda kumsomea Mama mara mia.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Nilikuwa safarini, barua yako iliningoja mezani mwezi mzima. Mama miguu inaendeleaje? Kuna dawa nzuri ya kuchua hapa mjini, nikipata mtu wa kuja huko nitaituma.

Kuhusu hayo mengine. Vichekesho, dada, huokotwa popote, hakuna anayejua kimeanzia wapi. Na usisahau faida yake. Mheshimiwa asingesema, nani angejua kuna hospitali haina mashuka? Sasa nchi nzima inajua. Wanaompinga wanamwita chale, mchekeshaji tu, wanadhani ni tusi. Wao hawakusoma. Zamani kila kasri la mfalme lilikuwa na chale wake, na katika watu wote wa kasri ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kusema ukweli. Waziri akisema mfalme kakosea anakatwa kichwa. Chale akisema, mfalme anacheka halafu anatafakari. Mheshimiwa ni chale wa namna hiyo. Anasema ukweli kwa kicheko, na watu wanampenda kwa sababu hajifanyi mfalme.

Suala la mwenzako litapoa lenyewe. Kwa sasa nyamaza, fanya kazi yako. Na dada, barua zangu zichome. Si kwamba kuna kitu, ni utaratibu tu wa ofisi yetu.

Pikipiki inakuja kweli. Utaona.

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mama yupo. Dawa ya kuchua anasema mpe Mheshimiwa wako, huenda shingo inamuuma kwa kutikisika akicheka. Hayo ni maneno yake, mimi nimeyaandika kama nilivyoagizwa.

Nilikuuliza ndiyo au hapana, ukanijibu habari za kasri. Haya, tuzungumze ya kasri. Mimi shule niliiacha nikiwa darasa la saba ili wewe uende mbele, lakini kichwa sikukiacha huko.

Huyo chale wako wa zamani alimcheka nani? Si mfalme? Alimcheka aliyemlisha, aliyemtishia kiboko, aliyeweza kumtupa nje ya geti jioni hiyo hiyo. Ndiyo maana ulikuwa ukweli, maana ulikuwa na gharama kwa msemaji. Sasa huyu wako gharama yake iko wapi? Kamcheka nani? Kamcheka mwanamke anayefua damu za watu kwa mikono. Kichekesho kilipokwenda vibaya, aliyechapwa ni Mama Pacha. Chale wa zamani alichapwa yeye mwenyewe. Tena huyu ndiye mwenye kiti, ndiye mwenye ufunguo wa ghala la mashuka. Mashine ya kufulia inamngoja yeye asaini, si mimi. Mwenye nyumba akisimama sebuleni anacheka kuwa paa linavuja, wageni nao wacheke? Mimi sijawahi kumwona mfalme aliyejivika kofia ya chale ili asiulizwe habari za ufalme. Nimemwona sasa, na aliyemshonea kofia ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Unakumbuka kwa nini Baba alikuita Chale? Baba akishika fimbo, sisi wote tulikimbilia nyuma ya choo. Wewe ulibaki. Ulikuwa na miaka sita. Ukaanza kutembea kama yeye, tumbo mbele, mkono mgongoni, unakoroma kwa pua kama yeye akikasirika. Baba alishikilia hasira weee, mwisho fimbo ikamdondoka, akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Ulituokoa wanne siku ile. Wakati ule ulikuwa unamcheka mwenye fimbo. Leo umekaa upande wa fimbo, unaifundisha utani.

Na kuna neno ulilolikata. Yule bibi wa nyonga. "Kumbe mlinifunika kwa ajili ya wageni." Nilikuandikia, ukasoma mara nne, ukalitoa. Hilo lingempata Mheshimiwa, kwa hiyo hukumpa.

Sikutukani bila kujitazama. Mama Pacha yuko nyumbani wiki ya saba. Pacha wake wanapita getini kwetu wakitoka shule, wananiamkia vizuri, nami naitikia. Kila nikiinama kusali naona aproni iliyokunjwa. Mimi ndiye niliyeandika. Nimenyamaza kwa sababu nikisema niliandika, wataniuliza nilimwandikia nani.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwandikie katibu wa hospitali. Sema hadithi ilitoka kwa ndugu yako, kwa barua ya kifamilia, na wewe ndiye uliyeipeleka jukwaani. Mama Pacha hana kosa. Mistari mitatu tu. Wewe mwandishi bwana, mistari mitatu haikushindi.

Barua zako sijachoma.

Dada yako


8 Juni

Dada,

Shikamoo. Nakujibu kwa haraka, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Siwezi kuandika hiyo barua. Mheshimiwa hupenda ionekane yeye ndiye anayebuni. Ikijulikana hadithi ilitoka kwa dada wa mwandishi wake, nimekwisha. Nina watoto watatu, wewe shangazi yao unawajua. Umesema uliacha shule kwa ajili yangu. Ni kweli, na kila siku unanikumbusha hata usipoandika. Basi usiibomoe mwenyewe nyumba uliyoijenga.

Lakini nimepata njia. Tarehe 15 Mheshimiwa anakuja hospitalini kwenu kukabidhi pikipiki. Nimezungumza na watu, mwenzako arudi siku hiyo. Asimame na wewe karibu na pikipiki, mmevaa aproni. Mheshimiwa atasema utani wake, nyinyi mcheke, wapiga picha wapige. Gazeti likishatoka na picha ya mama mnene anacheka, nani atamfukuza? Kikao kitafutwa. Yaani kicheko kimoja tu, dada, na kila mtu anarudi kazini.

Cheka. Sikuombi kingine. Hukuwahi kuninyima kitu.

Mimi sitakuwepo, nina hotuba ya jioni.

Mdogo wako


18 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu, nakuulizia afya yako na ya watoto, na namwomba Mungu anizuie mkono nisiandike kitakachonihukumu. Mama hajambo. Tangu juzi anakula vizuri, sijui kwa nini.

Nilikwenda kwa Mama Pacha tarehe 13. Nilimkuta anakunja nguo za watoto. Nikamwambia kabla sijakaa: "Aliyeandika ni mimi. Nilimwandikia mdogo wangu." Hakupiga kelele. Aliendelea kukunja. Mwisho akasema, "Nilijua siku ile ile. Ulisema hujui, na wewe huwa unajua kila kitu." Akanimiminia maji ya kunywa. Nikamweleza mpango wako wa kicheko. Hapo ndipo alipocheka, kile cha kupasua vyombo, halafu akafuta macho kwa gauni la mtoto. "Nitakuja," akasema. "Nina pacha. Nitakuja na nitacheka."

Tarehe 15 basi. Maua yamemwagiliwa, mawe ya njiani yamepakwa chokaa. Pikipiki imesimama uani na utepe mwekundu, kisanduku nyuma kimeandikwa MASHUKA. Muuguzi mkuu akatuita pembeni. Mdogo wangu, utadhani natunga. Mashuka makavu yalikuwa kumi na matatu. "Mheshimiwa atapita wodi zote," akasema. "Mnajua la kufanya."

Wodi ya kwanza tuliitandika. Akaja, akashika mikono ya wagonjwa, akatania, watu wake wakacheka kabla hajamaliza. Katibu akawapeleka kwenye maua. Mama Pacha akainama kuvua shuka la kwanza. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Acha. Ukiulizwa, sema mimi ndiye niliyekuzuia." Akaniangalia muda mrefu, mlango wa jikoni uko wazi nyuma yetu. Akaliachia. Tukasimama pale, mikono imekunjwa, wagonjwa wa wodi ya kwanza wanatutazama kama tumechanganyikiwa.

Ya pili waliiruka, mvua ilianza kudondoka na Mheshimiwa hakutaka viatu vyake vilowe. Wakaingizwa moja kwa moja wodi ya tatu. Mimi nilizunguka, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Magodoro matupu kumi na mawili, yale ya plastiki, yamepasuka na kuzibwa kwa karatasi za gundi. Wagonjwa juu yake na kanga zao wenyewe. Kamera zote zimewaka.

Mheshimiwa wako akatafuta utani. Nilimwona akiutafuta, mdogo wangu, macho yanakwenda huku na huku kama mtu aliyepoteza miwani. Akasema, "Naona pikipiki imechelewa kufika!" Akangoja. Watu wake wakaangalia katibu, katibu akaangalia ukuta. Bibi wa nyonga bado yuko pale, huu ni mwezi wake wa tano kitandani, mfupa umekataa kuunga. Akamuuliza kwa adabu kabisa, "Baba, leo hamjatufunika. Kwani wewe si mgeni?"

Nimesikia watu wakichekwa maishani mwangu, lakini sijawahi kusikia ukimya kama ule. Alikuwa amesimama katikati ya vitanda, mdomo umebaki wazi kidogo, amengoja kicheko na hakikuja. Nilitaka kumwonea huruma, kama dini inavyonifundisha. Nilijaribu kwa kweli. Sikuweza. Nilimwona mtu mzima aliyepewa nchi akaifanya ukumbi wa maigizo, na siku moja taa zikawashwa.

Akatoka bila kukata utepe. Pikipiki iko uani mpaka sasa, kuku wa mlinzi wanalala juu yake.

Jioni ile ile nilikwenda kwa katibu kabla hajaniita. Nikamwambia hadithi ya Februari niliandika mimi, mashuka ya tarehe 15 niliyazuia mimi, na Mama Pacha arudishwe. Akaniuliza, "Ulimwandikia nani?" Nikasema ndugu. "Ndugu gani?" Nikasema jina silitaji. Akasema bila jina na bila ushahidi ni maneno matupu ya kumkinga rafiki, kwa hiyo tumesimamishwa wote wawili, na kikao ni tarehe 7 Julai, saa tatu asubuhi.

Barua zako ziko kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda cha Mama. Ningeweza kubeba ile ya tarehe 8 Juni nikaiweka mezani, tumalize. Mama Pacha ananisihi nifanye hivyo, na ana haki. Nilimwomba Mama ruhusa. Akasema, "Ngoja kwanza. Yule mtoto alibaki mbele ya fimbo wakati wenzake mmekimbia. Huenda bado yumo."

Kwa hiyo tunangoja, mimi, Mama, na mwanamke mwenye pacha wawili aliyekubali kungoja kwa sababu yangu. Lakini sitangoja mpaka mwenzangu apoteze kazi. Tarehe 7 nitaingia kwenye kile chumba na kopo mkononi. Kama barua yako itakuwa imeshafika kwa katibu, kopo halitafunguliwa. Kama haikufika, nitalifungua, na Mungu atanisaidia kukupenda baadaye.

Usinitumie dawa ya kuchua. Usiniandikie habari za kasri. Siku ya fimbo ulikuwa na miaka sita na hukuwa na mtu wa kukuandikia maneno.

Posta huchukua siku tano. Tafadhali nijibu mapema.

Dada yako